Kibanio Kwenye Usukani

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefika! Peke yangu, kutoka milima ya Colorado hadi jangwa hili la Arizona, Yai likinifuata nyuma, na hakuna kilichovunjika isipokuwa sahani moja ambayo hata hivyo sikuipenda. Wendell angekuwepo angenivulia kofia. Kwa kuwa hayupo, nimeivaa mimi hiyo kofia yake na kujipongeza mwenyewe.

Yai ni tela letu. Tuliliita hivyo kwa sababu ni jeupe na la mviringo, na ni dogo kiasi kwamba majirani wenye matela marefu hutuuliza kama tumelitaga wenyewe. Lina kitanda, meza, jiko la mafiga mawili, na choo ambacho ukikalia magoti yanabisha hodi mlangoni. Humo ndimo tulimoishi mimi na mume wangu Wendell tangu alipostaafu, kiangazi milimani, majira ya baridi jangwani, bila kuwa na nyumba nyingine popote duniani. Mwezi wa nne moyo wake ulisimama.

Leo nimeendesha tu, kazi nyingine sikufanya. Kulifunga kwenye pikapu nilifungiwa na vijana wa kambi nilikotoka, na hapa jirani yetu Nadine ndiye aliyelipiga rivasi hadi mahali petu pa kila mwaka, chini ya mti ule ulio ukingoni mwa korongo. Kufunga na kurudi nyuma zilikuwa kazi za Wendell. Yangu ilikuwa kusimama nyuma na kumpungia mikono.

Ijumaa, 7 Novemba

Upepo. Mchanga hata ndani ya kahawa.

Jumapili, 9 Novemba

Rhonda amepiga simu kutoka Ohio. Binti yangu huyu mdomo wake hauna breki, na hivyo ndivyo alivyo tangu ajue kusema.

"Mama, chumba kiko tayari. Nimekipaka rangi ya njano, ile unayoipenda."

"Njano aliipenda baba yako."

"Basi uza hilo boksi uje. Mwanamke wa umri wako, peke yako jangwani, na nyoka wote hao!"

"Nyoka wamelala, ni msimu wa baridi. Na nyumba yangu usiiite boksi."

"Nyumba gani ina magurudumu?"

"Nyumba ambayo jirani akikuudhi unaondoka nayo."

Hakucheka. Akaendelea na habari za nyonga yangu, za macho yangu, za jirani yake aliyekaa na mama yake mpaka mwisho, nami nikapandwa na hasira. Nikamwambia: "Njoo mwezi wa tatu, siku ya kuondoka. Nikishindwa kulifunga Yai na kulitoa hapa mwenyewe, bila mtu kunigusia hata mnyororo, nitaliuza siku hiyohiyo na kupanda ndege na wewe."

Hapo akasema, "Umesema mwenyewe, Mama."

Kweli nimesema mwenyewe, na kulifunga sijawahi.

Ijumaa, 14 Novemba

Hapa kambini burudani kubwa ni kumtazama mwenzako akihangaika na tela lake. Mtu akianza tu kurudi nyuma, viti vinatolewa, kahawa inamiminwa. Mstari wa mbele hakosi mzee Arlo, dereva wa malori mstaafu mwenye basi-nyumba kubwa kuliko shule niliyosoma. Huyo ana maoni juu ya kila kitu, na simpendi. Wendell alimvumilia, lakini Wendell alikuwa mtu wa kuvumilia hata meno yanapouma.

Lakini hata Arlo ana mpaka. Mtu akishaanza kufunga tela hasemeshwi. Mtazame utakavyo, cheka kimoyomoyo, lakini funga mdomo, hata kama suruali yake inadondoka. Anayesemeshwa huruka hatua moja, na hatua iliyorukwa utaikuta barabara kuu, tela lako likikupita upande wa pili. Na ukisemeshwa kwa bahati mbaya, unafungua kila kitu na kuanza upya. Hiyo ni sheria ya hapa, nayo haikuandikwa popote.

Nadine ameamua kunifundisha. Ni mjane kama mimi, mkavu kama kuni, anaishi kwenye tela lililokuwa la kubebea farasi na anasema bado linanukia vizuri. Leo ameniuliza kwanza kibanio kiko wapi. Nilijua anachosema. Wendell alikuwa na kibanio cha nguo, cha mti, kimeng'aa kwa vidole. Akianza kazi ya kufunga alikibana kwenye usukani. Kibanio kikiwa pale, kazi haijaisha, gari haliendi. Akimaliza kuzunguka na kugusa kila kitu kwa mkono, ndipo alipokitoa na kukibana kwenye ukingo wa kofia.

"Basi kibane," Nadine akasema, "na mimi nanyamaza."

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Arlo amekaanga bata mzinga mzima nje kwenye pipa la mafuta, kila mtu kaleta chake, mimi mkate wa mahindi. Umeisha kabla ya vyote. Nimeona Arlo akifuta sahani kwa kipande cha mwisho nami nimefurahi.

Jumanne, 9 Desemba

Kazi ni hii. Lazima urudishe pikapu mpaka goroli kubwa la chuma lililo nyuma yake likae chini ya kinywa cha tela, sawasawa, na wewe uko kwenye usukani hulioni goroli wala hicho kinywa. Zamani macho ya Wendell yalikuwa mimi. Nadine amenipa ufagio.

"Usimamishe pale mbele ya tela, ufunge na kamba. Utauona kwenye kioo. Ufuate ufagio."

"Nadine, nimeolewa miaka yote hiyo ili niishie kufuata ufagio?"

"Mimi niliolewa mara tatu, dada, na ufagio ndio pekee ambao haukunidanganya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mara ya kwanza niliugonga ufagio ukaanguka. Mara ya pili niliugonga mpungate. Viti vikatoka, Arlo akapiga makofi. Nikamwonyesha ishara ambayo mama yangu hakunifundisha.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Rhonda anasema amenunua mapazia ya kile chumba. Nimemuuliza theluji ya Ohio ikoje.

Jumamosi, 3 Januari

Upepo siku nzima. Yai linatikisika. Napenda kulala likitikisika.

Jumapili, 18 Januari

Niandike kwa utulivu. Leo nimelifunga Yai, nimelivuta mpaka kwenye bomba la maji, nimejaza tangi, nimerudi, nimelipiga rivasi chini ya mti wetu, nimelisawazisha mpaka kiputo cha pimamaji kikatulia katikati. Peke yangu. Nadine alikuwa mjini, hakuna aliyenisaidia hata kwa kidole.

Siwezi kuandika kwa utulivu. Nimecheza! Nimecheza mle ndani, mahali ambapo ukigeuka mara moja unagonga kabati, nami nimegeuka mara nyingi. Kiuno kinauma na sijutii. Wendell, ungeniona.

Jumatano, 11 Februari

Mawingu juu ya milima upande wa magharibi. Vichaka vimeanza kunukia, ile harufu ya jangwa linapongoja mvua. Nadine anasema nihame ukingoni. Nimemwambia nitahama kesho baada ya chai.

Alhamisi, 12 Februari

Hapakuwa na baada ya chai.

Asubuhi nilisikia kishindo kama cha treni, na hapa hapana reli. Nikafungua mlango. Hapa kwetu ilikuwa mvua ya rasharasha tu, lakini milimani ilikuwa imemwagika usiku kucha, na maji yote yalikuwa yanashuka kwenye korongo langu, ya rangi ya udongo, yakisukuma matawi mbele yake. Yalikuwa bado chini ya ukingo. Nilikuwa na muda, mchache lakini upo. Nilibana kibanio kwenye usukani.

Nilifuata ufagio, na mara ya kwanza tu nikakaa sawasawa. Sikuamini! Nikateremsha kinywa cha tela juu ya goroli. Nikaning'iniza minyororo miwili ya usalama. Nikanyoosha mkono nibane kitasa na kutia pini yake, kile kitu kidogo kinachozuia tela lisiruke goroli. Pini ilikuwa mkononi.

"Glenda! Waya wa taa umechomeka?" Ilikuwa sauti ya Arlo. Alikuwa anakimbia kuja, mzee yule na tumbo lake, ameroa chapachapa. "Waya! Na ngazi! Ngazi iko nje bado!"

Nikageuka. Nikachomeka waya. Nikakunja ngazi. Nikatoa kabari za magurudumu nikazitupa ndani.

"Kanyaga, bibie! Maji hayo!"

Nikaruka ndani ya gari, nikakitoa kibanio, nikakanyaga.

Pini ilikuwa mfukoni mwangu.

Kwenye tuta la kwanza nilisikia chuma kikilia, na gari likarukia mbele kwa wepesi ambao si wa kawaida. Kinywa kilikuwa kimetoka kwenye goroli. Yai lilianguka pua chini, likashikwa na minyororo peke yake. Kusimama sikuweza, maana maji yalikuwa yameshapanda ukingo. Nililiburuta hivyohivyo mpaka mwinuko, mimi nalia na Yai linalia, pua yake ikisaga kokoto njia nzima. Niliposhuka, ule mti wetu ulikuwa umesimama katikati ya mto.

Nyumba yangu imepona, ila mbele ina ufa mpana wa kuingiza kiganja. Watu wote walikuwa wamesimama kwenye mvua wakitazama, na hakuna aliyetoa kiti.

Ijumaa, 13 Februari

Sijafungua mlango. Nimechukua ubao wa katoni, nimeandika INAUZWA. Nimeuweka dirishani.

Jumapili, 15 Februari

Nadine amebisha. "Nimekuja kununua," akasema.

"Usinitanie leo."

"Sitanii. Kwa nini unauza?"

"Nilisahau pini, Nadine. Pini! Ingekuwa barabara kuu ningeua mtu. Rhonda anasema kweli."

Akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Minyororo ilikuwa imening'inizwa?"

"Ilikuwa."

"Nani aliining'iniza?"

"Mimi."

"Basi nyumba yako umeiokoa wewe, na aliyetaka kuiua ni mdomo wa Arlo. Mikono yako haikukosea kitu, Glenda. Ulimjibu tu mtu ambaye hukupaswa kumjibu. Siku nyingine hata malaika akiita, mwache aite."

Alipotoka alichukua katoni yangu. Anasema anahitaji kitu cha kuwashia moto.

Jioni akaja Arlo mwenyewe. Alisimama nje, kofia mkononi, nami nilimwacha asimame kwa muda nilioona unatosha.

"Ni mimi," alisema. "Nimeendesha malori maisha yangu yote, najua sheria, na niliogopa nikapiga kelele. Niliona maji nikamkumbuka Wendell, nikasema moyoni, mkewe akifa mbele ya macho yangu nitamwambia nini."

Sikuwahi kufikiri kwamba Arlo alikuwa rafiki wa mume wangu. Nilidhani alikuwa tu jirani yetu. Nikamwambia aingie, akajaribu, akakwama mlangoni, tukacheka wote wawili na mimi nikalia kidogo.

Jumanne, 24 Februari

Arlo ameziba ufa kwa tabaka za kitambaa na gundi ngumu. Hakuwa na rangi nyeupe, ametumia ya kahawia. Sasa Yai lina baka usoni. Wengine wangelificha, mimi nimeliosha ling'ae.

Nimefunga na kufungua mara nne leo, Arlo amekaa kwenye kiti mbele yangu, mkono mdomoni, amekakamaa kama anayezuia chafya. Kila nikimaliza anapumua kuliko mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Rhonda amefika na gari la kukodi. Amenikumbatia kwa nguvu mpaka nikaogopa. Halafu akaliona baka.

"Mama, hiki nini?"

Nikamweleza yote, korongo, pini, minyororo, kuburuta. Sikupunguza neno. Akakaa chini kwenye mchanga na viatu vyake vyeupe.

"Basi tumemaliza," alisema. "Tunaondoka kesho na ndege."

"Mapatano ni Jumatatu."

"Ungekufa!"

"Sikufa. Inuka, kuna sisimizi, unakalia nyumba yao."

Baadaye alikwenda kuoga. Nilimwambia fungua maji, jilowanishe, funga, jipake sabuni, fungua. Alioga kama yuko Ohio. Tangi likaisha povu likiwa kichwani, akaniita, "Mama! Mama, hayatoki!" Nilimmwagia ya birika huku ameinama mlangoni, macho ameyafumba, kama nilivyokuwa nikimwosha alipokuwa mdogo. Hapo ndipo alipoanza kulia.

"Simu ya kifo cha baba nilipigiwa nikiwa sokoni," alisema. "Kila nikikupigia usiposhika, nasimama tena palepale sokoni. Ndiyo maana naongea sana. Nikiongea wewe upo."

Nilidhani miezi yote hii binti yangu anataka kunitawala, kumbe alikuwa anaogopa. Nilimfunga taulo kichwani na kumshika hivyo kwa muda. Lakini sikumwambia kwamba nitauza. Nampenda mno, na nyumba yangu naipenda pia.

Jumatatu, 16 Machi

Kumekucha bila upepo. Viti vilikuwa vimetoka kabla sijamaliza chai. Kambi nzima, waliobaki, wamepangana kama kanisani. Arlo alimwekea Rhonda kiti karibu yake.

Nikabana kibanio kwenye usukani. Nikarudi nyuma nikiufuata ufagio, nikakosa kwa upana wa kiganja, nikasogea mbele, nikarudi tena, nikapata. Nikateremsha kinywa. Nikaning'iniza minyororo. Nikakaza kitasa. Pini mkononi, natafuta tundu lake.

"Mama, mnyororo huu mmoja unagusa chini, sidhani kama..."

Rhonda alikuwa amesimama. Hakuwa na ubaya, alikuwa ameshanyoosha mkono anionyeshe. Nikasikia watu wote wakivuta pumzi.

"Binti," Arlo akasema taratibu, "kaa."

"Lakini mnyororo..."

"Kaa, mwanangu. Nami nilifanya hivyohivyo."

Nikasimama na pini yangu. Maneno yalinijaa mdomoni, ya kumjibu mwanangu, ya kumwambia kwamba mnyororo hauna shida bado, nitaukunja. Sikumjibu. Nikalegeza kitasa. Nikang'oa minyororo. Nikainua kinywa kwa jeki, nikasogeza pikapu mbele mpaka ikatengana kabisa na Yai. Nikaenda kwenye usukani nikakishika kibanio, kilikuwa kimekaa vizuri, hata hivyo nikakitoa na kukibana upya.

"Si alikuwa karibu amalize?" nilimsikia Rhonda akinong'ona. "Mbona anafungua?"

"Umemsemesha," Nadine akamjibu. "Sasa anaanza."

Basi nikaanza. Ufagio, na safari hii mara moja tu. Kinywa. Minyororo, nikaukunja ule mrefu mara moja. Kitasa. Pini, tundu lake, ikaingia, nikaivuta kuona kama inatoka, haikutoka. Waya. Taa za nyuma, kushoto, kulia. Ngazi. Kabari. Mtungi wa gesi, umefungwa. Dirisha la juu, limefungwa. Nikazunguka mara ya pili nikigusa kila kitu kwa mkono. Nilipofika kwenye baka la kahawia niliweka kiganja chote.

Hakuna aliyekohoa. Nilimtazama Rhonda. Binti yangu ambaye hakunyamaza hata siku ya harusi yake alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha watu, amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, machozi yanamteremka, na hasemi.

Nikapanda. Nikakitoa kibanio kwenye usukani, nikakibana kwenye ukingo wa kofia. Nikakanyaga polepole. Kwenye tuta nilikaza meno, na Yai likapanda nyuma yangu na kushuka nyuma yangu bila kulia. Nilipofika barabarani nikatazama kioo. Wote walikuwa wamesimama. Rhonda alikuwa amenyoosha mkono mmoja hewani, na ule mwingine haukuwa umetoka mdomoni.

Nilipiga honi mpaka kona.

Jumanne, 17 Machi

Nimelala kaskazini, chini ya misonobari. Baridi kidogo. Nimeegesha peke yangu, na mzee mmoja nisiyemjua alitoa kiti chake kunitazama, akarudi nacho ndani amekosa cha kucheka.

Nilikuwa naweka kabari ya mwisho simu ilipolia. Niliiacha. Nikamaliza, nikazunguka, nikagusa. Ndipo nikampigia Rhonda.

Alishika palepale. Nilisikia anapumua, anameza mate, anajizuia.

"Mama," alisema, "kibanio kiko wapi?"

"Kiko kofiani, mwanangu. Haya, ongea."